Kabla ya kumwita mtu wa kunyonya choo uswahilini

Mitaa ya Manzese na Tandale, Dar es Salaam, lori la majitaka halifiki kwenye vyoo vingi, vichochoro ni vyembamba. Ndiyo maana pampu ya mkono inafaa: bomba linashushwa shimoni, tope linaingia kwenye mapipa, mapipa yanasukumwa kwa mkokoteni hadi barabarani.

Kinachokwamisha kazi ni taka. Pedi, matambara na chupa za plastiki huziba valvu ya chini, pampu inavuta hewa tu. Zitoeni kwanza kwa ndoano ndefu. Tope likiwa zito, mwageni maji kidogo kidogo mkikoroga kwa mti mpaka lilegee. Na jamani, mtu asiingie shimoni hata dakika moja! Gesi ya mle inaua, na anayemfuata kumwokoa hufa naye.

Shimo lisilojengewa, au la matairi, msilikaushe kabisa; kuta zinaweza kubomoka na choo kikatitia.

Kutapisha choo, yaani kufungulia tope la shimo litiririke na maji mvua ikinyesha, ni kumpelekea jirani kipindupindu mlangoni. Wekeni ndoo yenye mfuniko chooni kwa ajili ya pedi, shimo litachelewa kujaa.