Bima ya mzazi anayekuja kukutembelea: anza na kifungu cha maradhi ya zamani

Mzazi akipanga kukutembelea ng'ambo, wengi hulinganisha ada za bima ya afya ya safari na kuchukua iliyo nafuu. Mimi ningeanza kwingine: kwenye mkataba, pale panapoeleza maradhi ambayo mzazi alikuwa nayo kabla ya kusafiri. Kwa mtu wa umri mkubwa, hapo ndipo penye hatari.

Chukua mama wa miaka 72 mwenye presha, anayemeza amlodipini miligramu 5. Wiki tatu kabla ya safari daktari anampandishia hadi 10. Kwake ni jambo dogo. Lakini bima nyingi zinataka ugonjwa uwe umetulia kwa muda fulani, tuseme siku 90 au 180, na dozi ikibadilika hesabu inaanza upya. Akipatwa na kiharusi akiwa ugenini, kampuni itaomba faili lake la hospitali ya nyumbani, itaiona ile tarehe, na inaweza kukataa kulipa. Kwa hiyo uliza siku ni ngapi, na kama kupunguziwa dozi nako kunahesabika. Mara nyingi kunahesabika. Tiba isicheleweshwe kwa ajili ya bima. Kinachosogezwa ni safari.

Fomu ya maswali ya afya ijazeni pamoja, dawa zote zikiwa mezani. Wazee husema, "Sina ugonjwa, nameza tu kidonge cha presha." Jibu moja lisilo sahihi linaweza kuubatilisha mkataba wote, hata kama alichougua hakihusiani na presha.

Kima cha chini kinachotakiwa na ubalozi ni suala jingine. Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi nyingi za Ulaya, inadai bima ya angalau euro 30,000, na viza kuu ya wazazi ya Kanada (Super Visa) inadai dola 100,000 za huko kwa muda usiopungua mwaka. Viwango hivyo vinakufungulia mlango. Havikuhakikishii kwamba vitatosha kulipa bili ya hospitali.

Marekani, ambako Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, haimhusu mgeni wa viza ya matembezi, angalia sana aina ya bima. Zipo zinazolipa kiasi maalumu kwa kila huduma: ikiandikwa dola 1,500 kwa siku ya kitanda na hospitali ikatoza 6,000, zile 4,500 ni zenu, kila siku. Zipo pia zinazolipa kwa asilimia hadi ukomo wa mkataba, baada ya nyinyi kulipa kiasi cha mwanzo. Ada yake ni kubwa zaidi, na bado ningechagua hizo. Hata hivyo, ukomo wenyewe mara nyingi hushuka mzazi akifika miaka 70, na tena akifika 80. Baadhi hulipia ugonjwa wa zamani ukiibuka ghafla tu, kwa sharti kwamba atibiwe ndani ya saa 24. Kupima sukari au kufuatilia presha hakumo.

Nunua kabla hajapanda ndege. Ukinunua ameshafika, kampuni nyingine huweka siku kadhaa za kusubiri kabla ya kulipia ugonjwa. Akiongeza muda wa kukaa, ongeza bima kabla haijaisha, na uulize kama ugonjwa uliotibiwa katika kipindi cha kwanza bado utalipiwa.

Akiugua, piga namba iliyo kwenye kadi kabla hajalazwa. Ikiwa ni dharura, mpeleke kwanza, kisha mtu mwingine apige ndani ya muda uliotajwa. Usiondoke hospitali na karatasi ya jumla tu: omba ankara inayoonyesha kila huduma na bei yake, ripoti ya daktari na risiti. Ambatisha nakala ya pasipoti yenye muhuri wa kuingia, na uangalie siku ya mwisho ya kuwasilisha madai.

Dawa zake za kila siku abebe za safari nzima na wiki mbili za ziada, kwenye begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari. Zikiisha, bima hizi kwa kawaida hazilipii nyingine.