Jinsi kikoba cha akina mama wa sokoni kilivyokubali kupima saratani ya utumbo mpana

Katika kata ya Pasua mjini Moshi, ninakofanya kazi kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mtu akiona damu chooni hujiambia ni bawasiri. Hununua dawa ya kupaka na kunyamaza, na siku anapofikishwa hospitali ya rufaa ya KCMC huenda ikawa ni saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa. Hilo liliniuma zaidi kwa kuwa saratani hii mara nyingi huanza na kinyama kidogo ndani ya utumbo kinachochukua takriban miaka 10 kugeuka saratani, nacho kinaweza kuondolewa mapema.

Nilipopata vipimo vya kutafuta damu isiyoonekana kwa macho katika choo kikubwa, sikuvigawa mara moja. Nilikwenda kwanza kwenye kikao cha kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha akina mama wa sokoni, nikaomba tukubaliane kwamba atakayekutwa na damu akopeshwe bila riba kutoka mfuko wa jamii wa kikoba, ili akachunguzwe utumbo kwa kamera. Kumpima mtu asiye na fedha za hatua ya pili ni kumwongezea hofu tu, na mweka hazina alilielewa hilo kabla sijamaliza kueleza. Aliyekuwa akiona damu kwa macho sikumpa kichupa cha kipimo, nilimwandikia rufaa.

Ugumu ulikuwa chooni kwenyewe. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, na sampuli haitakiwi kuchanganyika na maji wala mkojo. Kwa hiyo niliwaonyesha, kwa kutumia ndizi iliyopondwa, jinsi ya kutandika gazeti, kukwangua sehemu kadhaa kwa kijiti, kukirudisha ndani ya kichupa chenye dawa na kuandika tarehe. Vicheko vilisaidia kuliko maelezo yangu yote. Bibi mmoja aliniita pembeni akaniuliza, “Mwanangu, Jumapili nilikunywa kisusio. Hiyo damu ya mbuzi haitaonekana?” Nilimweleza kwamba kipimo hiki hutambua damu ya binadamu, tofauti na kile cha zamani kilichowalazimu watu kuacha nyama nyekundu kwa siku kadhaa.

Waliokutwa na damu walikuwa wachache, na nilisisitiza kwamba majibu hayo peke yake si saratani. Mmoja aliondolewa vinyama wakati wa uchunguzi uleule, na mkopo ameshaumaliza. Kwa kuwa kipimo hurudiwa kila mwaka, orodha ya majina anaitunza katibu, pamoja na daftari la hisa.

Sasa nimehamia kwa wanaume wa miaka 45 na kuendelea kwenye kijiwe cha bao. Wamekubali, kwa sharti kwamba vichupa nivipitie majumbani alfajiri, kabla kijiwe hakijajaa.