Miguu Iliyokuwa Inawaka Moto: Nilivyoituliza Barabara kwa Barabara

Sindano niliiona usiku, nilipovua ndala. Ilikuwa imezama kwenye unyayo wa kulia, chini ya kidole gumba, damu imeshaganda. Mimi ni fundi cherehani, sindano kuanguka chini ni jambo la kila siku. Lakini hii nilikuwa nayo mguuni tangu mchana. Nimekwenda nayo soko la Mgandini, hapa Tanga, nimerudi, nimepika, na sikuhisi kitu. Na ni miguu hiyohiyo iliyokuwa ikininyima usingizi kwa kuwaka moto, hadi nikawa nashuka kitandani na kuikanyagisha kwenye saruji ipate ubaridi.

Nina ugonjwa wa sukari tangu 2015. Vidole vilianza kunisumbua mwishoni mwa 2021: kwanza ganzi, kama nimevaa soksi na kumbe sijavaa, kisha kama siafu wanatembea, kisha moto. Moto huo una saa zake. Mchana nikiwa na kazi mkononi unanisahau, nikizima taa tu unaanza. Shuka likigusa kidole naruka.

Watu hawanielewi nikisema mguu mmoja unaweza kuuma na kufa ganzi kwa wakati mmoja. Mimi mwenyewe sikuelewa mpaka nilipoelezwa. Mishipa ya fahamu mirefu kuliko yote ni ile inayoteremka hadi vidole vya miguu, na ndiyo sukari inayowahi kuiharibu. Mshipa uliojeruhiwa unapeleka habari hovyo hovyo, huo ndio moto. Uliokufa haupeleki habari yoyote, hiyo ndiyo ganzi. Maumivu yalinikosesha raha, lakini ganzi ndiyo ingenikatisha mguu.

Kwenye zahanati niliyoanzia nilipewa vidonge vya maumivu vya diklofenaki miezi minne mfululizo. Haikuugusa ule moto hata siku moja, na baadaye nikaja kujua kwamba vidonge vile vikitumiwa muda mrefu vinaweza kuumiza figo, hasa kwa mtu mwenye sukari. Bado nina uchungu na hilo. Miezi minne nilimeza kitu kisichonihusu, na hakuna aliyewahi kuniambia nivue viatu aangalie nyayo.

Sindano ndiyo iliyonifikisha kliniki ya sukari. Daktari alinifumbisha macho, akawa ananigusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki, niseme "ndiyo" kila nikihisi. Katika sehemu kumi nilisema ndiyo mara nne. Katikati nilifumbua jicho kwa sababu nilidhani ameacha, nikakuta uzi umepinda juu ya kidole changu, anaugandamiza. Nililia pale pale.

Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilitoka juu, asilimia 10.4. Damu nyingine ilipelekwa Dar es Salaam kupima vitamini B12, ikaonekana iko chini. Metformini, dawa ya sukari niliyokuwa nimeimeza miaka sita, inaweza kuzuia vitamini hiyo isiingie mwilini vizuri, na upungufu wake peke yake unaharibu mishipa ya fahamu. Nikaanzishiwa sindano za B12, na amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, miligramu 10 usiku. Ilinikausha mdomo, lakini nililala. Daktari akaniambia, "Mama, moto tutaupunguza kwa dawa, ila kuni unaziweka wewe mezani."

Basi nikaangalia meza yangu. Kazi ya cherehani haiendi bila chai: vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Asubuhi maandazi mawili. Mchana wali wa nazi uliojaa sahani. Na msimu wa machungwa ya Muheza nilikuwa nakamua jagi zima, nikiamini kwa dhati kabisa kwamba najitibu. Glasi moja ni machungwa manne au matano, na makapi yenye faida nilikuwa namwaga.

Kwa pupa nikakata kila kitu. Siku tisa nilikula mchicha na maji. Siku ya kumi, nikiwa napinda shela ya bibi harusi, mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, macho yakaingia giza. Sukari ilikuwa imeshuka mno, hadi 3.1. Nilikuwa naendelea na vidonge vya glibenklamaidi vya kushusha sukari kama kawaida huku chakula hakipo, na wanangu ndio walioniwahi. Daktari alinikemea kwelikweli. Dawa na chakula vinapangwa pamoja, alisema, tena sukari iliyokaa juu muda mrefu ikishushwa kwa ghafla mno, mishipa inaweza kuuma zaidi.

Nikaanza upya, taratibu. Nusu ya sahani mboga: mchicha, matembele, bamia, kisamvu chenye tui jepesi. Robo kitoweo, mara nyingi kibua, kunde au maharage. Robo ya mwisho ugali wa dona usiozidi ngumi yangu, na huo nauacha mwisho, baada ya mboga na samaki. Dagaa na mayai sikosi, maana B12 haimo kwenye mboga za majani. Chai ilinichukua wiki sita kuizoea bila sukari. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki, nikaongeza tangawizi na iliki. Chungwa sasa nakula moja, na nyama zake zote, baada ya chakula.

Mazoezi yalinitia hofu zaidi. Shoga yangu mmoja aliniambia nikatembee pekupeku mchangani Raskazone, eti mchanga unaamsha mishipa. Mwingine akasema niloweke miguu kwenye maji moto yenye chumvi. Walinitakia mema, lakini mguu usiohisi sindano hautahisi kigae wala maji yanayounguza. Maji ya kuoga sasa nayapima kwa kiwiko.

Nilianzia kwenye kiti. Kabla ya kuwasha taa ya cherehani nazungusha vifundo, nanyoosha goti moja moja, nainuka na kukaa mara kumi bila kutumia mikono. Kisha nashika meza na kupanda juu ya vidole na kushuka, na kusimama kwa mguu mmoja, kwa sababu ganzi iliniibia mizani na nilikuwa nayumba gizani.

Baadaye nikaingia barabarani. Sisi wa Ngamiani tuna bahati, barabara zetu zina namba. Natoka barabara ya 14. Wiki ya kwanza nilitembea kwa dakika kumi baada ya chakula cha mchana, nilifika ya 12 nikarudi. Nilipofika ya 10 bila kupumzika nilimpigia simu dada yangu. Kutembea mara baada ya kula kunaishusha sukari ya chakula kile, niliona mwenyewe kwenye mashine ya kupimia sukari. Viatu ni vya kufunga, vyenye nafasi mbele, nilivinunua jioni, saa ambayo miguu imevimba kidogo.

Baada ya miezi minne kile kipimo cha wastani kilikuwa kimeshuka hadi 8.3, na mwaka ulipotimia 7.2. Moto uliokuwa wa kila usiku sasa unanijia mara mbili kwa wiki, na nikila pilau la harusini najua usiku wake utakuwaje. Ganzi haijaondoka. Kwenye ule uzi sasa nasema ndiyo mara tano.

Asubuhi naingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu. Usiku mjukuu wangu wa miaka saba anachukua tochi ya simu na kunikagua nyayo, kidole kwa kidole, hata katikati yake. Juzi alisimama akaniambia, "Bibi, hapa pamekuwa pekundu." Sikuwa nimehisi lolote. Kesho yake kiatu kile nikakipeleka kwa fundi akilegeze.