Ni mimi, Bwana?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Utotoni, ukutani kwetu ilitundikwa nakala ya Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa moja: kumtafuta Yuda. Nilimshuku kila mwenye uso mkali, hadi mama aliponiambia, "Tazama mikono." Nikamwona: mkono mmoja umebana mfuko wa fedha, mwingine unaielekea sahani ileile anayoielekea Yesu.

Nilishangaa kumkuta karibu vile. Wachoraji wengi waliotangulia walimkalisha Yuda ng'ambo ya meza, peke yake, ajulikane mara moja. Leonardo, alipochora ukuta wa chumba cha kulia cha watawa huko Milan kati ya 1495 na 1498, alimchanganya na wenzake, kundi moja na Petro na Yohana.

Na Injili ndivyo inavyosema. Bwana alipotamka, "Mmoja wenu atanisaliti," hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Walihuzunika sana, wakauliza mmoja mmoja, "Ni mimi, Bwana?" (Mathayo 26:21-22). Petro aliuliza. Yohana aliuliza. Watu walioacha nyavu zao wakamfuata, na bado kila mmoja aliona kwamba yeye naye anaweza! Yuda hawakumshuku hata kidogo. Alipotoka usiku ule, walidhani ametumwa kununua vitu vya sikukuu au kuwapa maskini chochote (Yohana 13:29).

Yesu peke yake alijua. Alijua, na miguu ya Yuda akaiosha kama ya wengine. Alijua, akachovya tonge akampa. Hapa huwa nasoma polepole, maana sijui upendo mwingine wa namna hii: kumlisha kwa mkono wako anayekwenda kukuuza.

Makanisani tumekuwa hodari wa kumtafuta Yuda. Mtumishi akianguka, habari zinatufikia kabla ya jioni, na kila mtu anasema alikuwa akiziona dalili. Lile swali la mitume halisikiki sana kati yetu.

Wiki hii, kabla ya Meza ya Bwana, tusome Mathayo 26:20-30, kila mtu faraghani, kisha tuombe kwa Zaburi 139: Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu. Unioneshe ninachokishikilia huku nikila mkate wako, na unipe neema ya kukiachia. Amina.