Meza ya Alhamisi

Jana rafiki yangu kanitumia meseji kwamba tarehe ya kutetea tasnifu yake ya PhD imeshapangwa, nikafurahi mpaka basi likanipitiliza kituo. Yeye ni Mcree, yaani wa Cree, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Kanada. Tulianza mwaka mmoja, dipatimenti moja, hapa Kanada, mimi nimevuka bahari kuja na yeye yuko nchini kwao kabisa, na bado kati yetu wawili mpweke zaidi alikuwa yeye. Hilo lilinichukua muda mrefu sana kulielewa.

Mimi nilipofika nilikuta kila kitu kimeandaliwa, ofisi ya wageni, grupu la WhatsApp, watu wa kunionyesha wapi pa kununua koti. Yeye alikuwa Mcree pekee dipatimenti nzima, na mjadala ukigusa tu wenyeji asilia macho yote kwake, aseme kwa niaba ya wote, wakati Mataifa ya Kwanza, kundi ambalo Wacree wamo, peke yake ni jamii zaidi ya 600, hapo hujagusa makundi mengine mawili ya wenyeji, Inuit na Métis. Halafu huyo huyo ndiye anaitwa kila kamati inayotaka sura ya mwenyeji mezani, bila malipo, na tasnifu inamsubiri.

Na jamani lile la kwamba wenyeji asilia wanasoma bure, hata mimi nililiamini, si kweli. Hela ya serikali kuu kwa wanafunzi wa Mataifa ya Kwanza kwa kawaida inapitia kwenye jamii zao na haitoshi, kwa hiyo jamii yenyewe inabidi ichague nani apate mwaka huu na nani asubiri. Rafiki yangu ana watoto wawili na aliniambia kila akijaza ile fomu roho inamuuma, maana anajua huenda anamziba kijana wa kwao anayeanza digrii ya kwanza.

Ukitaka kujua kwa nini chuo kinakuwa kizito hivi kwao lazima urudi nyuma. Sheria inayoitwa Indian Act, ilivyotungwa 1876, ilisema mwenyeji akipata digrii ya chuo kikuu anatolewa kwenye hesabu ya watu wake, kisheria si wa kwao tena. Kipengele kilikuja kurekebishwa lakini hebu fikiria, yaani usome kisha upoteze kwenu. Na zile shule za bweni zilizochukua watoto wa wenyeji asilia zaidi ya 150,000 ili wasahau lugha zao, za mwisho zimefungwa miaka ya 1990, juzi tu. Bibi yake rafiki yangu alipitia huko. Mjukuu anapomwambia narudi shuleni, bibi ananyamaza kwanza.

Kilichomshika rafiki yangu asiache ni meza. Kila Alhamisi mchana wanafunzi wenyeji asilia wa masta na PhD, wa sheria, wa misitu, wa uuguzi, wanakutana kwenye chumba chenye jiko, wanakula, watoto wanacheza chini, na kuna mama mmoja mzee anakaa nao mpaka wa mwisho aondoke. Alinikaribisha mwaka wa pili, nikawa naosha vyombo na kusikiliza zaidi kuliko kuongea, pale si mahali pangu pa kuongoza maongezi. Pale hakuna anayeulizwa aeleze ukoloni ni nini, wanaanzia mbali zaidi ya hapo, wanasomeana rasimu, wanacheka sana.

Na msaada wa kweli kweli unatoka pale. Msimamizi wake alikuwa anamsukuma akusanye saini za ridhaa za mtu mmoja mmoja aanze mahojiano ya utafiti wake huko kwao, yeye anajua fika kwao huwezi kuingia bila kuzungumza na viongozi na wazee kwanza, walivutana miezi. Dada mmoja wa mwaka wa nne akamwambia mbona mwongozo wa taifa wa maadili ya utafiti una sura nzima, ya 9, kuhusu utafiti na Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis, na suala la kushirikisha jamii limo. Akaiprinti, akaenda nayo, mvutano ukaisha wiki hiyo hiyo.

Ni mezani pia nilisikia habari ya Fred Metallic, Mmi'gmaw, mwenyeji asilia wa taifa jingine, aliyeandika tasnifu yake ya PhD ya York University kwa lugha ya kwao, mwaka 2010, na kuitetea kwa lugha hiyo hiyo. Mimi nasomea Kiswahili na naandika kila kitu kwa Kiingereza. Usiku ule sikulala vizuri.

Kinachoniudhi ni kwamba meza ile inaishi kwa jasho la wanafunzi wenyewe. Chumba wanaomba upya kila muhula. Yule mama analipwa kwa kadi ya zawadi wakati kazi yake ni ya profesa. University of British Columbia wana jengo zima la wenyeji asilia, wanaliita Longhouse, tangu 1993, kwa hiyo inawezekana, ni kuamua. Mpeni mama mkataba, wapeni wanafunzi ufunguo wao.

Utetezi ni mwezi ujao. Bibi anakuja, safari ya siku mbili kwa gari, na shangazi wanne, ikabidi ukumbi ubadilishwe. Mimi nimepewa kazi ya viti, na kiti cha bibi kikae mbele kabisa.