Wanne kwa mmoja

Jana usiku nipo kibarazani Area C, upepo wa Dodoma na vumbi lake, bando lenyewe linaungua, nacheza Free Fire, ule mchezo wa simu wa kupigana risasi mpaka abaki mmoja. Tumeshuka kisiwani watu kama 50, kila mtu kivyake. Duara la eneo salama limebana, namchapa mmoja, kumbe wengine watatu wamejibanza ukuta mmoja na wala hawagusani! Nimelala kabla sijajaza risasi.

Mechi ya vikosi ningenyamaza. Wenzako wakifa ukabaki peke yako, wanne wakikufuata ni haki yao. Ila kuungana kwenye mechi ya mmoja mmoja ni wizi mtupu, na sheria za mchezo zinakataza.

Na msiniletee ile ya "ungekuwa fundi ungewamaliza". Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alishaipigia hesabu mwaka 1916: watu wakirushiana risasi za kulenga, nguvu ya kundi hukua kwa kipeo cha pili cha idadi yake, yaani idadi mara idadi. Wanne wenye uwezo kama wangu hawanizidi mara nne, wananizidi mara 16.

Dogo wa jirani ananiambia, "Bro, na wewe tafuta watu." Sitaki. Nimewaripoti wote, simu iko chaji.