Mwaka wangu wa kwanza wa ukarani katika kijiji kimoja cha kaunti ya Norfolk, Uingereza

Siku niliyompigia mama simu Muheza kumwambia nimepata kazi ya pili, ukarani wa parokia, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, umebatizwa?"

Kosa si lake. Kwetu parokia ina padre, na binti wa Kiislamu akisema ameajiriwa parokiani, mama yeyote atashtuka. Hata Uingereza zamani ilikuwa hivyo: njia, maskini na makaburi ya kijiji vilijadiliwa katika kikao cha kanisa. Sheria ya 1894 ndiyo iliyoyatoa mambo ya kiserikali ya kijiji kanisani na kuyakabidhi baraza la kuchaguliwa, ila jina la parokia likabaki. Padre ana yake na sisi tuna yetu, na fedha hazichanganywi. Nikamwambia mama, "Ni kazi kama ya baba." Baba alikuwa mtendaji wa kijiji. Hapo akaelewa mara moja. "Basi utatukanwa," akasema, tukacheka.

Mabaraza ya namna hii yapo kama 10,000 Uingereza. Letu lina wapiga kura wapatao 400, wajumbe saba wasiolipwa hata senti, na ubao mmoja wa matangazo wenye mlango wa kioo. Karani ndiye pekee mwenye mshahara, na wangu ni wa saa sita kwa wiki. Ndiye mtunza kumbukumbu, ndiye mhasibu, na kura hana. Nililiona tangazo la kazi kwenye ubao huohuo nikisubiri basi la kwenda kazini, maana kazi yangu kubwa ni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hesabu nilizijua, nilitunza vitabu vya ghala Tanga miaka sita. Wajumbe watatu walinisaili kwenye ukumbi wa kijiji nikiwa nimevaa koti. Mmoja akaniuliza kama mbwa wananisumbua. Nikadhani ananipima dini. Kumbe alikuwa ananionya: barua nyingi zinazomfikia karani ni za malalamiko ya mavi ya mbwa.

Nilianza Aprili 2024, na mwaka wa baraza una mdundo wake. Hesabu huanza tarehe 1 Aprili na kufungwa 31 Machi. Mkutano wa mwaka wa baraza lazima ufanyike Mei, na jambo la kwanza kabisa ni kumchagua mwenyekiti. Huwezi hata kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita kabla mwenyekiti hajachaguliwa na kutia saini tamko la kuukubali wadhifa. Hayo niliyasoma nikayashika. Kilichonitoa jasho kilikuwa kuhesabu siku.

Sheria inataka tangazo la mkutano litoke siku tatu kamili kabla. Mkutano ulikuwa Jumatano tarehe 8 Mei. Nikabandika tangazo Ijumaa jioni nikitoka kazini, nimejaa furaha: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, siku nne, nimezidisha moja! Jumatatu ile ilikuwa sikukuu. Nikipita kwenye ubao na mfuko wa maziwa nikamkuta mzee mmoja, mstaafu, amesimama anahesabu kwa vidole. Akanisalimia kwa adabu, kisha akaniuliza kama nimezisoma kanuni zetu za kudumu. Siku ya kubandika haihesabiwi. Siku ya mkutano haihesabiwi. Jumapili haihesabiwi, wala sikukuu. Nikahesabu na mimi kwa vidole, pale pale mbele yake. Jumamosi, Jumanne. Siku mbili.

Ningeweza kunyamaza, maana nadhani asingeenda kokote kushtaki. Lakini uchaguzi wa mwenyekiti uliofanywa kwenye mkutano ulioitishwa vibaya ni mwiba ambao mtu atakuja kuuchomoa miezi sita baadaye, siku utakapogombana naye. Nikampigia simu mwenyekiti anayemaliza muda wake, nikamwambia kosa ni langu, tukasogeza mkutano wiki moja. Hakuna aliyenisema. Niliumia zaidi kwa vile hawakunisema; kwetu ningetukanwa kidogo, mambo yakaisha. Tangu siku ile yule mzee nikamwita moyoni Mzee wa Ubao. Hapa watu wazima wanaitana majina ya kwanza hata na wajukuu, mimi ulimi unakataa.

Juni ni mwezi wa hesabu. Mkaguzi wa ndani, ambaye lazima awe mtu asiyehusika na maamuzi ya baraza, anapitia vitabu. Baadaye wajumbe wanajibu kwanza maswali kuhusu uendeshaji, kisha ndipo wanapitisha hesabu, kwa mpangilio huo na kwa maazimio mawili tofauti. Kwa kuwa mapato yetu na matumizi yetu hayazidi pauni 25,000, tunajithibitisha kuwa hatuhitaji mkaguzi wa nje, na hati hiyo inatumwa kabla ya Juni kwisha. Halafu vitabu vinawekwa wazi kwa siku 30 za kazi, zikiwemo kumi za kwanza za Julai, ili mpiga kura yeyote aje avikague.

Niliambiwa haji mtu. Mzee wa Ubao alikuja. Alikaa mezani jikoni kwangu saa mbili na kikokotoo chake, akanywa chai ya tangawizi vikombe vitatu, akaniuliza kila risiti. Akagundua kwenye daftari langu nimeandika 38.40 mahali pa 34.80, bei ya rangi ya benchi. Nikamshukuru kwa meno ya mbele. Alipoondoka nikakaa nikafikiri: huyu mtu bora awe ndani kuliko nje. Mjumbe mmoja alikuwa anahama, nafasi inakuja. Nafasi ikitokea unabandika tangazo, na wapiga kura kumi wasipodai uchaguzi, baraza lenyewe linamteua mtu. Nilimpelekea fomu. Karani hana kura, lakini bahasha anazo. Oktoba akawa mjumbe.

Kabla ya hapo nilipita kwenye moto wa Agosti. Sisi Agosti hatukai. Lakini ombi la ujenzi halijui likizo: lilikuja ombi la kugeuza ghala la zamani la nafaka kuwa nyumba tatu, na baraza lina siku 21 tu za kutoa maoni. Nikaitisha kikao cha dharura, safari hii siku nikazihesabu mara tatu. Watu 26 wakajaa ukumbini, wengine sijawahi kuwaona, na wote wanaamini sisi ndio tunaoamua. Hatuamui. Wilaya ndiyo inayoamua. Sisi tunatoa maoni, yakasomwa pamoja na ya wengine.

Mwenye ghala ni mjumbe wetu. Alitamka maslahi yake, akatoka, akaenda kusubiri jikoni akiosha vikombe. Hiyo si adabu tu. Chini ya sheria ya 2011, mjumbe kujadili au kupigia kura jambo lenye maslahi yake ya fedha, bila ruhusa maalumu, ni kosa la jinai. Wananchi wakapewa dakika 15 zao. Mmoja akasema nyumba yake itashuka thamani. Mwingine akasema ataukosa mwonekano wa shamba. Nilikuwa nimesoma usiku kucha, nikamnong'oneza mwenyekiti: hayo wilaya haiyapimi. Yanayopimwa ni kama njia inatosha magari kupishana, maji ya mvua yatakwenda wapi, dirisha linachungulia chumba cha jirani. Ndipo bibi mmoja nyuma kabisa akauliza, na popo?

Sikuwa nimefikiria popo. Kwetu popo ni wa kufukuzwa kwenye miembe. Hapa popo analindwa kisheria pamoja na mahali anapolala, na ghala kuukuu ni nyumba yake. Tukaandika barua ya mistari isiyofika ukurasa: njia, maji, popo. Wilaya ikadai uchunguzi wa popo kwanza. Ombi lilirudi likiwa na nyumba mbili badala ya tatu, na tundu la popo kwenye paa, na safari hii baraza halikuwa na pingamizi. Nadhani ni kazi bora kuliko zote nilizofanya mwaka ule, na wazo halikuwa langu.

Mambo mengine yote ya kila wiki ni kumwelekeza mtu mlango ulio sawa. Shimo la barabarani ni la kaunti. Pipa la taka la nyumbani ni la wilaya. Ua uliotanda juu ya njia ya miguu ni wa mwenye shamba. Yetu ni bembea za watoto, kituo cha basi, mabenchi, makaburi mapya, nyasi, na kile kibanda chekundu cha simu. Kampuni ya simu huviuza vibanda hivyo kwa mabaraza kwa pauni moja. Chetu simu imetolewa, imewekwa mashine ya kushtua moyo, na kila mwezi naenda kuangalia kama taa yake ni ya kijani. Wenzangu kazini walinitumia ile video ya baraza la Handforth, ya Desemba 2020, iliyosambaa duniani Februari 2021, wajumbe wakigombana kwenye Zoom hadi wengine wakatolewa kikaoni. Wakaniuliza kama kwetu ni hivyo. Kwetu ugomvi mkubwa ni kama dirisha la ukumbi lifunguliwe.

Novemba tunaweka shada la poppy, yale maua mekundu ya kumbukumbu, kwenye mnara wa waliokufa vitani. Nilisimama na Mzee wa Ubao kwenye baridi, akaniuliza, kwa nia njema kabisa, kama huko kwetu vita ile ya kwanza ilisikika. Nikamwambia Novemba 1914 meli za Waingereza zilikuja hadi Tanga, zikashusha askari, Wajerumani na askari wao Waafrika wakawarudisha baharini, na hadi leo watu wanasimulia nyuki waliowavamia. Makaburi yapo mjini. Nikiwa mtoto nilipita kando yake nikienda shule. Alinyamaza. Kisha akaomba nimwandikie jina la mji huo kwenye bahasha.

Sasa Januari. Kama una haraka, mwaka mzima wa baraza unaweza kuuelewa kwa kikao cha Januari peke yake. Baraza halina duka wala kodi ya kwake. Linaamua linahitaji kiasi gani, linaiandikia wilaya, na wilaya inaongeza kiasi hicho kwenye kodi ya nyumba ya kila mwanakijiji, kisha inatuletea fungu letu kwa awamu mbili. Bajeti tulianza kuipika Oktoba: nyasi, bima, umeme, kodi ya ukumbi, mshahara wangu. Bembea moja ilikuwa imekataliwa na mkaguzi wa viwanja, mnyororo umelika.

Kwa kodi hii nyumba hupangwa madaraja, A hadi H, kwa thamani yake, na hesabu yetu inagawanywa kwa kinachohesabiwa kuwa sawa na nyumba 190 za daraja D. Fungu la mwaka uliokuwa unaisha lilikuwa pauni 10,260, yaani pauni 54 kwa nyumba. Tukitaka bembea, pauni 11,400, yaani 60. Nyumba ndogo ya daraja A inalipa theluthi mbili ya hiyo, jumba la daraja H mara mbili. Ongezeko la pauni sita kwa mwaka. Walijadili saa moja na dakika arobaini. Mmoja alisema wastaafu hawatamudu, na sikumcheka, maana wazee ninaowaogesha asubuhi wananiambia bei ya gesi. Mwingine akasema tukope akiba. Mzee wa Ubao, ambaye nilikuwa nimeshajiandaa kuwa mpinzani namba moja, akasimama na karatasi yake ya Julai. Akasema ameona kila risiti, hakuna cha ziada cha kukata, na akiba ikiguswa mwaka huu tutapandisha mara mbili mwakani. Wakapiga kura, tano kwa mbili. Nikaandika, nikatuma fomu wilayani asubuhi yake kabla sijaenda kazini.

Kilichobaki ni mkutano wa wananchi wenyewe, tofauti na wa baraza, ambao lazima ufanyike kati ya tarehe 1 Machi na 1 Juni na usianze kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ni mkutano mkuu wa kijiji hasa, kila mpiga kura anaruhusiwa kusema na kupiga kura. Ukiwa Mtanzania au Mkenya unayeishi hapa kihalali, umo pia, kwa sababu ni raia wa Jumuiya ya Madola; mimi nilipiga kura za mitaa miaka kadhaa kabla sijafikiria uraia. Baba alikuwa akipiga kengele ya reli na watu wakaja. Hapa, mwaka uliotangulia walikuja kumi na moja, saba kati yao wajumbe. Nikawaomba wenye bustani za kukodi, mwalimu mkuu na kikundi cha njia za miguu waje waeleze mwaka wao, nikakaanga sambusa mia. Walikuja 38. Mwenyekiti anaamini ni kwa ajili ya hotuba ya bustani.

Mei ikarudi. Mkutano Jumatano tarehe 7, sikukuu Jumatatu tarehe 5. Nilibandika tangazo Jumatano tarehe 30 Aprili, mvua ikinyesha, karatasi ndani ya plastiki. Asubuhi yake nikipita nikamkuta Mzee wa Ubao mahali pake, vidole vinatembea: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumanne. Nne. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akagusa kufuli ya mlango wa kioo. Imeshika kutu, akasema, hela ya mpya ipo?

Nikamwambia aiandike, itaingia ajenda ya Juni.